Uhuru wa Maumbile na Mateso ya Viumbe: Uhakiki wa Hoja ya John Polkinghorne

John Polkinghorne alikuwa profesa wa fizikia ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge kabla ya kujiuzulu mwaka 1979 na kupewa daraja la ukasisi wa Kianglikana mwaka 1982. Katika Science and Providence (1989) anapanua utetezi wa kale unaotegemea hiari ya binadamu: kama Mungu alivyompa mwanadamu uhuru wa kutenda, ndivyo alivyoyapa maumbile uhuru wa kufuata asili yake. Mabadiliko ya kijeni yaliyozaa aina mpya za viumbe ndiyo pia yanayozaa saratani.

Ubora wa hoja hii ni kwamba haimgeuzi mwathirika kuwa mkosaji. Tetemeko lililoibomoa Lisbon tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, waumini wakiwa ibadani, halisomwi tena kama adhabu.

Hata hivyo, hoja hiyo inakinzana na fundisho jingine la mwandishi huyohuyo. Kwa kutumia nadharia ya keosi, Polkinghorne anashikilia kwamba kutotabirika kwa mifumo kama hali ya hewa kunaashiria uwazi halisi, ambamo Mungu hutenda bila kuvunja kanuni. Kifizikia, dai hili ni dhaifu, kwa kuwa milinganyo ya keosi hutoa tokeo moja tu kwa kila hali ya mwanzo. Hata likikubaliwa, linazua swali zito zaidi: ikiwa Mungu anaweza kuyaelekeza mawingu, kwa nini watu na wanyama hufa kwa ukame na mafuriko? Haitoshi kujibu kwamba miamba ya Lisbon haikuwa na uwazi kama huo, kwani ukame na mafuriko hutokea palepale panapodaiwa kuwa na uwazi. Kadiri utendaji wa Mungu unavyopanuliwa, ndivyo utetezi unavyopungukiwa nguvu.

Aidha, hoja hii huzungumzia mfumo mzima, si kiumbe mmojammoja. Christopher Southgate, katika The Groaning of Creation (2008), anamtazama kifaranga wa pili wa mwari mweupe, ambaye kwa kawaida husukumwa kando na nduguye na kufa. Uzuri wa mfumo haumfidii kifaranga huyo. Southgate kwa hiyo anaongeza mambo mawili: Mungu kuteseka pamoja na viumbe, na tumaini la ukombozi wao.

Polkinghorne naye anakiri msalaba na uumbaji mpya, lakini hauunganishi ukiri huo vya kutosha na utetezi wake. Bila muungano huo, hoja yake inaeleza kwa nini mateso yanawezekana. Haielezi kwa nini Mungu anayeyaruhusu aaminiwe.