Jinsi Euler Alivyoivunja 4,294,967,297

Chukua 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, utapata 4,294,967,297. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliiweka namba hiyo katika mlolongo wake: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha hii. Tano za mwanzo ni namba tasa. Fermat aliamini kwamba zote zinazofuata ni tasa pia, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimuuliza Leonhard Euler kwa barua kuhusu dai hilo. Mwaka 1732, akiwa St. Petersburg, Euler akatoa jibu: namba ya sita inagawanyika kwa 641. Hakueleza alivyoipata. Uthibitisho wa kanuni inayofika hapo aliutoa miaka mingi baadaye, na ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawa namba yetu bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa p hubakiza p − 1. Zidisha 2³² kwa yenyewe upate 2⁶⁴, na baki linakuwa 1. Kwa hiyo mabaki ya vipeo vya 2 yanazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64 kamili. Yasingeweza kurudi mapema, kwa sababu mzunguko mfupi zaidi ungelazimisha 2³² nayo ibakize 1. Sasa ipo kanuni inayosema kwamba urefu wa mzunguko wa namna hii lazima uigawe p − 1. Kwa hiyo p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1, basi.

Kanuni hiyo ni ya nani? Ni ya Fermat mwenyewe, na aliiandika mwaka uleule wa 1640! Silaha ya kuliangusha dai lake alikuwa nayo mkononi, na hilo hunishangaza kila ninapolirudia.

Tazama kazi inavyopungua. Anayejaribu namba tasa moja baada ya nyingine kuanzia 2 ataikuta 641 kwenye jaribio la 116. Anayefuata kanuni ana 193, 257, 449 na 577, kisha 641. Ya tano tu.

Kuhakiki nako hakuhitaji kugawanya namba yenye tarakimu kumi. 2¹⁶ ni 65,536. Ukigawa kwa 641 inabaki 154. Kwa hiyo baki la 2³² ni sawa na la 154 × 154, yaani 23,716. Ongeza ile 1 upate 23,717, ambayo ni 641 × 37 kamili. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Je, nacho kinavunjika? Kigawo chake chochote kitakuwa pia kigawo cha namba yetu, kwa hiyo chujio ni lilelile la 64. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na namba tasa chini ya 641 zimekwisha kushindwa. Zinabaki saba za kujaribu: 641 yenyewe kwa mara ya pili, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna hata moja inayoigawa, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.