Nani Mwathirika? Maoni Juu ya Istilahi za Ukimwi Katika Sera na Sheria

Makala haya yanachunguza maneno machache yatumikayo katika sera na sheria zihusuzo Ukimwi. Hatukusudii kumlaumu mtu. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi isiyopimwa vyema yaweza kumnyima mwananchi haki yake, au kumtia kifungoni pasipo kustahili.

Tuanzie mkoani Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Watu wa Bukoba na Muleba waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Wenzao wa ng'ambo ya mpaka waliuita silimu, kwa kuwa uliwakondesha watu. Baadaye likaja UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Jina hilo lilisanifiwa vizuri: lilieleza mwili unavyokosa ulinzi, wala halikumsuta mtu. Laiti maneno yote yaliyofuata yangefanana nalo!

La kwanza ni mwathirika. Kuathirika ni kupatwa na madhara ya jambo fulani. Wenye kutunga sera hutofautisha makundi mawili: walioambukizwa, ambao wana virusi mwilini, na walioathirika, ambao huenda hawana virusi lakini msiba umewafikia, kama vile yatima, mjane, au bibi anayelea wajukuu. Hata hivyo, katika usemi wa kila siku, na katika nyaraka nyingi za ofisi, mwathirika amekuwa ni yule mwenye virusi tu.

Tuchukue mfano wa mjane wa Buganguzi, wilayani Muleba. Amepimwa, akakutwa hana virusi. Waraka ukiagiza kwamba "waathirika wasaidiwe", naye mtendaji akausoma kwa maana ya mitaani, mjane huyo ataachwa nje ya orodha, ijapokuwa shamba la migomba alilolima na marehemu mumewe linadaiwa na ukoo. Kwa upande mwingine, yatima akiandikwa mwathirika katika daftari la shule, wenzake watadhani anaugua. Neno lilelile limemnyima mmoja haki na kumbandika mwingine sifa isiyo yake. Na haki ya mwanamke katika ardhi ya ukoo si jambo dogo kwa Wahaya. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory lisilohusu maradhi haya, ilibidi Mahakama Kuu mjini Mwanza iamue kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi hiyo sawa na mwanamume.

Wapo watakaosema kwamba neno limekwisha kuzoeleka, na mazoea ndiyo yatawalayo lugha. Twakubali kwa mazungumzo ya barazani. Lakini katika sheria, neno moja halina budi kubeba maana moja. Twapendekeza mtu anayeishi na VVU kwa aliyeambukizwa, au kwa kifupi WAVIU kwa wengi wao. Na aliyeathirika libaki kwa maana yake pana.

La pili ni unyanyapaa, ambalo mara nyingi huandikwa kana kwamba ni sawa na ubaguzi. Anayemtengea mgonjwa kikombe chake kwa kinyaa anamnyanyapaa. Mwajiri anayemfukuza kazi kwa sababu ya virusi anambagua. Sheria ya VVU na Ukimwi (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 imeyakataza yote mawili. Mtafsiri akiliacha moja, amepunguza kinga ya mtu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Kifungu cha 47 cha sheria hiyo chatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 10 kwa mtu anayemwambukiza mwingine VVU kwa makusudi. Mara nyingi twasikia ikisemwa "kueneza Ukimwi kwa kujua". Maneno haya yana makosa matatu. Kueneza ni kusambaza kwa wengi, ambapo sheria yazungumzia mtu na mwenzake. Kinachoambukizwa ni virusi, si Ukimwi. Tena kujua si kukusudia. Mama aliyepimwa katika kliniki ya wajawazito anajua hali yake. Akikaa kimya kwa kuogopa kipigo cha mumewe, hatuwezi kusema amekusudia kumwambukiza. Anayeandika "kwa kujua" mahali pa "kwa makusudi" amempunguzia mwendesha mashtaka mzigo wa kuthibitisha nia, na kumtwika mama huyo.

Jambo hili halingoji. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, na sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kutafsiriwa. Kosa lililokuwa la gazeti laweza sasa kuwa kosa la hukumu.

Lugha yetu haikosi uwezo. Aliyetupatia dawa za kufubaza virusi alichukua kitenzi cha rangi inayopoteza mng'ao, akaeleza kwa usahihi kazi ya dawa: virusi hubaki mwilini, ila nguvu zao hufifia. Twawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wafuate mfano huo, na kabla ya kuliandika neno wajiulize: nani atapata haki kwa neno hili, na nani ataikosa?