Lafudhi Isiyoshtakiwa: Mama Kayai na Nafasi ya Mwigizaji wa Kike katika Ucheshi wa Televisheni ya Kiswahili

Ikisiri

Ucheshi wa televisheni umewafikishia Kiswahili watu wengi wa Afrika Mashariki, lakini umepewa nafasi finyu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Makala haya yanachunguza uigizaji wa Mary Khavere, anayefahamika kwa jina la Mama Kayai, katika kipindi cha Vitimbi kilichorushwa na Sauti ya Kenya (VOK) na baadaye Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Makala yanajadili hoja kwamba lafudhi ya lugha ya kwanza haikuwa shabaha ya kicheko katika uigizaji huo. Lafudhi ilikuwa uwanja ambamo mhusika wa kike alijenga hoja na kushinda. Vitimbi vinalinganishwa na Vioja Mahakamani ili kuonyesha tofauti kati ya ucheshi unaoishtaki lafudhi na ucheshi unaoiacha huru. Mwisho, makala yanadokeza maana ya tofauti hiyo kwa ufundishaji wa Kiswahili nchini Rwanda.

Istilahi muhimu: ucheshi, lafudhi, uhusika, Kiswahili sanifu, televisheni

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Jijini Kigali, uamuzi huo haukukikuta Kiswahili kikiwa mgeni. Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ilikuwa ikikizungumza tangu enzi ya ukoloni, na baada ya mwaka 1994 Wanyarwanda waliorejea kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo walikuja kila mmoja na Kiswahili cha alikotoka. Kipya kilicholetwa na uamuzi wa 2017 kilikuwa uzito wa mizani ya usanifu. Lugha iliyokuwa ya soko na ya ujirani sasa ilipaswa kupimwa darasani, mtihanini na ofisini.

Mizani hiyo huambatana na kicheko. Kinyarwanda hakitofautishi /l/ na /r/ kifonimu kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kigali anaweza kusema “kurara” anapokusudia “kulala”, na wenzake wakaangua kicheko. Kinachosahaulika ni kwamba “kurara” ni neno halali la Kinyarwanda lenye maana ya kulala mahali usiku kucha, na lina asili moja ya Kibantu na “kulala”. Anayechekwa amechukua neno la nyumba ya ndugu. Je, kicheko hicho kinamwelekea nani, na kwa haki gani?

Swali hili si geni katika eneo hili. Nchini Kenya liliulizwa kila wiki mbele ya maelfu ya watazamaji, bila jina la kitaaluma, katika vipindi vya ucheshi vya televisheni ya taifa. Kwa mwalimu wa Kigali anayetafuta namna ya kuishi na lafudhi za wanafunzi wake, vipindi hivyo ni hazina ya mifano. Miongoni mwa waigizaji walioijibu hoja hiyo kwa vitendo, Mama Kayai anastahili kuchunguzwa wa kwanza.

2.0 Jina la Mhusika na Jina la Mtu

Sauti ya Kenya ilipata jina hilo mwaka 1964, na mwaka 1989 ikageuzwa kuwa KBC. Hadi mwaka 1990, KTN ilipoanza kurusha matangazo, Kenya haikuwa na kituo kingine cha televisheni. Mazingira haya yanaeleza sehemu kubwa ya umaarufu wa Vitimbi. Familia zenye televisheni zilitazama kipindi kimoja, na majirani wasio na televisheni walikuja kuketi sakafuni kutazama nao. Wahusika waliotokea humo wakawa kama watu wa mtaani.

Wawili walitia fora: Mzee Ojwang’, aliyeigizwa na Benson Wanjau, na mkewe Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kwa miongo kadhaa waliigiza ndoa hiyo kwa ithibati kubwa hata watazamaji wengi wakaamini kwamba ni mume na mke nje ya jukwaa pia. Wanjau alipofariki tarehe 12 Julai 2015, wapo waliomwona Khavere kuwa ndiye mjane. Mwigizaji akalazimika kuomboleza mwenzake wa kazi huku akieleza kwamba hakuwa mkewe.

Imani hiyo ni sifa kwa mwigizaji, lakini ni sifa yenye gharama. Desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake imeenea Afrika Mashariki, Kigali ikiwemo, na ni desturi ya heshima. Inapohamishiwa jukwaani huzaa ufunikaji wa aina mbili: jina la mhusika linafunika jina la mtu, na ndani ya jina la mhusika mwanamke anatajwa kwa uzazi wake. Ojwang’ ni Ojwang’. Mkewe ni mama wa fulani, tena ni mke wa Ojwang’. Wakenya waliolitamka jina la Mama Kayai tangu utotoni ni wengi mno kuliko wanaolijua jina la Mary Khavere. Uhakiki unaomtaja kwa jina la mhusika pekee unaendeleza ufunikaji huo. Kwa sababu hiyo, katika makala haya “Mama Kayai” ni mhusika na “Khavere” ni msanii aliyemuumba.

3.0 Jukwaa Lenye Hakimu na Jukwaa Lisilo na Hakimu

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari nchini Kenya. Hivyo, katika mwongo uleule ambao shule ilianza kusahihisha Kiswahili cha watoto kwa kalamu nyekundu, televisheni ya taifa iliwaletea jioni Kiswahili kisichopita mtihani wowote. Mwalimu alifuta “kitu yangu” na “watoto yangu” mchana. Usiku taifa likakisikia Kiswahili cha namna hiyo na kucheka.

Ni rahisi kudai kwamba watazamaji walikicheka Kiswahili kibovu. Dai hilo linakubaliana na nadharia ya ubora inayohusishwa na Thomas Hobbes, inayoona kicheko kuwa shangwe ya ghafla ya anayejiona yuko juu ya mwingine. Linaeleza vizuri sehemu ya Vioja Mahakamani, kipindi kingine cha kituo hichohicho. Katika Vioja, mandhari ni mahakama. Hakimu na kiongozi wa mashtaka huzungumza Kiswahili rasmi, na mbele yao husimama washtakiwa na mashahidi kama Makokha na Ondiek Nyuka Kwota, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Pengo kati ya lugha ya kiti cha hakimu na lugha ya kizimba ndilo chemchemi ya kicheko. Mshtakiwa hushtakiwa mara mbili: kwa kosa alilotenda na kwa ulimi wake.

Vitimbi vina mpangilio tofauti. Jina lenyewe ni la Kiswahili sanifu, lenye maana ya hila na visa, lakini ndani ya nyumba ya Ojwang’ hakuna mwenye usanifu. Mume na mke wanazungumza Kiswahili cha aina moja. Lafudhi ya Kijaluo kwa kawaida hugeuza /ʃ/ na /z/ kuwa /s/, kwa kuwa Dholuo haina fonimu hizo: “shida” husikika kama “sida”, na “zaidi” kama “saidi”. Wote wawili wakisema hivyo, hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Lafudhi inakuwa kama hewa ya nyumba hiyo: inasikika, lakini haimtenganishi mshindi na mshindwa.

Hapa nadharia ya Henri Bergson, aliyechapisha insha yake kuhusu kicheko mwaka 1900, inafaa zaidi kuliko ya Hobbes. Kwa Bergson, binadamu huchekesha anapokuwa mkavu kama mashine pale ambapo maisha yanamtaka ajipinde. Katika ndoa hii, kilichokakamaa ni majigambo ya mwanamume mwenye nyumba, anayeshikilia ukubwa wake hata mambo yanapomgeukia. Mama Kayai ndiye anayeukabili ukavu huo, naye hutumia silaha ileile ya mumewe, yaani Kiswahili kilekile chenye lafudhi. Anauliza, anarudia swali, anashangaa kwa sauti, kisha ananyamaza. Ushindi wake unapatikana kwa hoja na kwa wakati mwafaka wa kusema, na sarufi haikai hakimu.

Jambo la pili linaupa uigizaji huu uzito. Khavere ni jina la Waluhya, na Wanjau ni jina la Wakikuyu. Nyumba ya Wajaluo iliyopendwa kuliko zote katika televisheni ya Kenya ilijengwa na wasanii wenye asili nyingine. Kwa hiyo, lafudhi ile ilikuwa kazi ya sikio na mazoezi, si kasoro iliyoponyoka ulimini. Aliyeiita makosa alikuwa akimsahihisha mchoraji kwa sababu picha ya mvua haikumlowesha.

4.0 Mke Anayeuona Mwisho wa Kisa

Ucheshi wa ndoa una historia ndefu katika televisheni ya dunia. Nchini Marekani, kipindi cha I Love Lucy, kilichorushwa kati ya 1951 na 1957, kilimfanya Lucille Ball kuwa kielelezo cha mwigizaji wa kike wa ucheshi. Lucy ndiye mwenye vitimbi: anapanga hila, zinaharibika, na mumewe anabaki kushika kichwa. Katika Vitimbi majukumu hayo yamegeuzwa. Mwenye hila ni mume, na mke ndiye anayeuona mwisho wa kisa kabla hakijafika.

Nafasi ya pili ni ngumu kuigiza kuliko inavyodhaniwa. Mwenye hila hubeba matendo, na matendo yenyewe huchekesha. Anayeyatazama hana mali nyingine ila uso, sauti na subira. Akijibu mapema, anaua kisa. Akichelewa, mtazamaji anamtangulia. Khavere aliijaza nafasi hiyo kwa kumfanya Mama Kayai kuwa mwakilishi wa hadhira ndani ya kisa. Anachokishuku yeye, mtazamaji amekwisha kukishuku, na anapokisema, sebule nzima huhisi imesemewa. Bila mtu wa namna hiyo majigambo ya Ojwang’ yangekosa ukuta wa kugonga, na mwangwi wake usingesikika. Kwa hiyo, kumweleza Khavere kama msaidizi wa Wanjau ni kosa la kihakiki. Walikuwa vyungu viwili juu ya jiko moja.

5.0 Mipaka ya Sanaa Hii

Sifa hizi hazifuti kasoro. Kwanza, kuigiza lafudhi ya jamii nyingine si mchezo usio na hatari. Nchi iliyopitia machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 inajua kwamba namna mtu anavyotamka neno inaweza kutumiwa kumtambua na kumdhuru. Utetezi uliotolewa hapo juu unahusu mpangilio mahususi, ambamo lafudhi ni ya wote na mwenye lafudhi ana akili ya kushinda. Hauhalalishi kila dhihaka inayojiita ucheshi.

Pili, ushindi wa Mama Kayai ni wa ndani ya kuta nne. Ucheshi wa kifamilia hurudi mwanzoni kila wiki: mume aliyeshindwa jana anaamka leo akiwa mkuu wa nyumba. Mke anaruhusiwa kushinda mabishano kwa sababu ushindi wake haubadilishi mgao wa madaraka. Sura ya mke mkali inafurahisha, lakini pia inamwondolea mwanamume wajibu, kwani ukali unageuzwa kuwa tabia ya mwanamke badala ya kuwa jibu la tabia ya mumewe. Khavere aliipa sura hiyo utu na joto. Muundo wenyewe hakuweza kuuvunja.

Tatu, kuna suala la uhifadhi. I Love Lucy ilirekodiwa kwa filamu, na kwa sababu hiyo imeweza kurushwa upya na kuchunguzwa na vizazi vilivyofuata. Kwingineko historia haikuwa hivyo: hata BBC ilifuta kanda nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970. Sanaa ya televisheni ni dhaifu kuliko kitabu. Mwandishi wa riwaya huacha nakala maktabani, ilhali mwigizaji huacha sauti iliyo mikononi mwa anayeimiliki kanda. Uhakiki wa Kiswahili ukiendelea kusubiri maandishi ndipo uone fasihi, utawapoteza wasanii waliokiingiza Kiswahili katika nyumba ambazo riwaya haikuingia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uigizaji wa Mary Khavere unatoa jibu mahususi kwa swali la nani anachekwa lugha inapotoka kwenye usanifu. Lafudhi huwa kichekesho inapowekwa mbele ya hakimu. Hakimu akiondolewa, lafudhi inakuwa lugha ya kawaida ya watu wenye akili, hasira, upendo na werevu, na kicheko kinauendea upumbavu popote ulipo.

Matokeo haya yana maana mbili. Kwanza, vitengo vya Kiswahili katika vyuo vikuu vya eneo hili vinapaswa kuuingiza ucheshi wa televisheni katika mitaala ya fasihi na ya isimujamii, kukusanya kumbukumbu zake, na kuwahoji waasisi wake kwa majina yao halisi. Pili, walimu wa Rwanda wanaweza kutofautisha kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: kufundisha usanifu, ambalo ni jukumu lao, na kukaa katika kiti cha hakimu wa Vioja, ambalo silo. Mwanafunzi atakayesema “kurara” afundishwe “kulala”. Lakini kabla ya hapo asikilizwe alichotaka kusema. Mama Kayai hakuwahi kusubiri fonimu zake zikamilike ndipo awe na hoja.