Mabaka ya Kumfurahisha Mnunuzi

Kila niingiapo katika hifadhi zetu za kaskazini siku hizi naona jambo moja ambalo ningependa kulizungumza na msomaji bila haraka. Lenzi ndefu za wapiga picha za wanyama zimevishwa nguo. Sisemi juu ya mfuko wa kubebea. Nasema juu ya vazi linaloibana lenzi kama soksi inavyobana mguu, na aghalabu vazi hilo lina mabakamabaka: majani, matawi, magome ya miti, au vile viraba vidogo vya kijani na kahawia ambavyo majeshi ya siku hizi yanavipenda. Wenyewe wanaliita kava. Muulize mwenye kava sababu ya kulinunua, naye atakuambia kwamba linamficha asionwe na mnyama.

Nathubutu kusema kwamba halimfichi. Lakini nisije nikaonekana nabeza kitu kizima kwa sababu ya rangi yake, kwa hiyo nianze na sifa zake.

Makava mengi hushonwa kwa neoprini, aina ya mpira iliyogunduliwa katika maabara ya DuPont huko Marekani mwaka 1930, ile ile ambayo wazamiaji huvaa kujikinga na baridi ya bahari. Ni laini, inavutika, nayo hupunguza makali ya mgongano. Mtu aliyesafiri kwa Land Rover kutoka lango la Naabi hadi Seronera wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa lenzi hupata mateso gani juu ya kiti au kwenye fremu ya dirisha. Kava huzuia mikwaruzo, na lenzi isiyo na mikwaruzo huuzwa kwa bei nzuri siku mwenyewe atakapotaka kubadilisha. Wengi wananunua kwa sababu hii, ila hawaisemi. Kujificha ni hadithi tamu zaidi kuliko thamani ya kuuzia.

Tena kava huua sauti. Lenzi ya chuma ikigonga mlango wa gari hutoa mlio ambao digidigi hausubiri mara ya pili. Ikiwa imevikwa, mlio huwa mdogo. Na asubuhi ya Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, chuma huuma vidole. Sifa hizi zote ni za kitambaa. Hakuna hata moja iliyo ya mabaka.

Sasa tuyatazame hayo mabaka. Mengi ya michoro hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani. Realtree, mmojawapo wa michoro inayojulikana zaidi, ulianzishwa na Bill Jordan katika jimbo la Georgia mwaka 1986. Mwindaji wa huko hukaa juu ya mti, katikati ya majani na matawi yanayofanana na nguo yake, akimngoja kulungu apite chini. Pale mchoro una kazi. Lakini lichukue tawi hilo la mwaloni, livishe lenzi, uitoe kupitia paa la gari jeupe katikati ya mbuga ya nyasi fupi ya Serengeti, ambapo kwa kilomita kadhaa hakuna mti hata wa kuegesha kivuli. Nani amefichwa hapo? Gari lina urefu wa mita tano, linanuka dizeli, na juu yake vichwa sita vinapanda na kushuka. Kijitawi kimoja cha kuchora hakiwezi kuyafuta yote hayo.

Hata tuseme hakuna gari, bado kuna swali la jicho la mnyama. Sisi binadamu tuna aina tatu za seli za kutambua rangi. Swala, nyati, nyumbu na wenzao wenye kwato wana aina mbili tu, na kwao tofauti kati ya kijani na nyekundu, ambayo sisi tunaiona waziwazi, karibu haipo. Ndege wako upande wa pili: wana aina nne, na wengi wao wanaona hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa. Kwa hiyo kava ambalo mimi na wewe dukani tunaliona limeshabihiana sawasawa na kichaka, swala analiona kwa namna nyingine na keremkerem kwa namna nyingine kabisa. Mchoraji alichora kwa jicho la mtu mwenye pochi.

Kuna jambo jingine, nalo ni umbali. Mwaka 2016 watafiti wanne, Tim Caro akiwa mmoja wao, walichapisha kazi yao juu ya milia ya pundamilia jinsi inavyoonekana na wanyama wanaomla. Waliona kwamba mchana, kupita mita 50 hivi, milia ile inakuwa vigumu kwa simba na fisi kuitofautisha. Jioni na alfajiri ni mita 30. Msomaji aupime upana wa mlia wa pundamilia kwa kiganja chake, kisha aupime upana wa jani lililochorwa kwenye kava. Kama mlia unapotea kwa mita 50, jani hilo litakuwa limekwisha kupotea mapema zaidi, na kinachobaki ni rangi moja ya jumla, kahawia au kijivu. Maana yake ni kwamba kava la kaki tupu, lisilo na mchoro wowote, lingefanya kazi ile ile. Macho ya simba si ya swala, nalijua hilo. Lakini sijaona sababu ya kuamini kwamba mchoro mdogo kiasi hicho utawahadaa swala kwa mbali.

Ubishi huu si mpya, na kwa bahati nzuri sehemu yake moja ilibishaniwa kwetu. Mwaka 1909 mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer, pamoja na mwanawe, walitoa kitabu kikubwa kilichodai kwamba takriban kila rangi ya mnyama ni ya kujificha. Alifika mahali pa kusema kwamba heroe ana rangi ya waridi ili afanane na mbingu ya machweo. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt alikuwa ameshuka Mombasa kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian, na aliporudi kwao akamshambulia Thayer kwa maandishi makali, kwanza katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1910. Sina mapenzi na bunduki ya Roosevelt, na idadi ya wanyama aliowaua inasikitisha kuisoma. Lakini alikuwa amewatazama pundamilia uwandani, akaona kwamba hawajifichi hata kidogo, wala hawajaribu. Thayer aliutazama ulimwengu kama turubai ya kuchorea, na watengenezaji wa makava ni wajukuu zake.

Aliyesema neno la kiasi katika mambo haya ni Hugh Cott, mwanazuoni wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1940 juu ya rangi za wanyama, kisha wakati wa vita akafundisha wanajeshi huko Helwan, Misri, namna ya kuficha vitu jangwani. Cott alikuwa pia mpiga picha. Kwa maoni yangu fundisho lake kubwa kwa mwenye kamera ni kwamba rangi peke yake haitoshi: kinachomfichua mnyama, au mtu, ni umbo lake, kivuli chake, na mwendo wake.

Na hapa ndipo kava linaposhindwa vibaya. Lenzi ya milimita 600 yenye mwanya wa f/4 ina kioo cha mbele cha sentimita 15. Kioo hicho ndicho kinachomwelekea mnyama, na hakifunikwi na kitu, maana kikifunikwa hakuna picha. Tumevisha shingo na kiwiliwili, tukaacha jicho kubwa jeusi linang'aa na kumgeukia kila anapogeuka. Kwa swala ambaye kila siku ya maisha yake anaogopa macho mawili ya chui katika majani, lipi litamshtua, ubavu wa lenzi asiouona au hilo jicho? Hudi refu, kugeuza lenzi polepole, na kutoinua mkono juu ya dirisha vina faida kuliko mabaka ya kila namna.

Mtu ataniuliza juu ya lenzi nyeupe. Kampuni ya Canon ilianza kuzipaka lenzi zake kubwa rangi hiyo katika miaka ya 1970, na sababu iliyotolewa ni joto: ndani yake mna vioo vya floraiti, ambayo hutanuka kwa joto kuliko kioo cha kawaida, na weupe hupunguza jua. Yumkini palikuwa na biashara pia, maana lenzi nyeupe hutambulika uwanjani kutoka mbali. Nakiri, nyeupe inaonekana. Lakini madereva wa kitalii wanajua kwamba duma amezaliwa na kukua kati ya magari meupe, na wakati mwingine hupanda juu ya boneti kutazama mbali. Mwenye lenzi nyeupe akitaka kuifunika kwa kaki, sawa. Asiivike tu nguo nyeusi akaiacha juani saa sita mchana, akaupoteza ule ubaridi alioulipia.

Nyeusi ina ubaya mwingine ambao watengenezaji wa Ulaya na Marekani hawana haja ya kuufikiria. Mbung'o anapenda bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyotundikwa mitini katika Tarangire na maeneo mengine vimetiwa dawa kwa kuwa rangi hizo humwita. Mtu anayekwenda Tarangire na kava la bluu iliyoiva amejitundikia mtego karibu na shavu lake.

Nilikuwa huko na kijana mmoja dereva, mpole, aliyejinunulia kamera kwa akiba ya misimu miwili. Aliniamkia, tukaongea, akanitolea picha za kava mbili kwenye simu yake.

"Mzee, nichukue lipi? La majani au la nyasi kavu?"

"Bei gani, mwanangu?"

Akanitajia. Lilikuwa limepita dola 100, bila nauli ya mzigo wala ushuru. Nikamwuliza kama ana mfuko wa kulazia lenzi dirishani. Hana; alikuwa anatumia sweta lililokunjwa. Nikamwambia anunue mchele kilo tatu, ashonewe mfuko wa turubai, na picha zake zitakuwa kali kuliko za mwenye kava. Alicheka kwa adabu. Nilimwelewa. Alitaka afanane na wageni anaowaendesha, ambao kila mmoja ana lenzi iliyovaa, na hamu hiyo si ya kudharauliwa kwa mtu ambaye kazi yake inategemea kuaminiwa na hao hao.

Lakini nilimpa onyo moja, nalo nalitoa hapa kwa uzito. Kwetu mabakamabaka ni nguo ya askari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa wote wenye mavazi ya namna hiyo wayasalimishe. Majirani zetu Kenya na Uganda nao hawana mzaha na jambo hili. Sijui askari kizuizini atalitazama vipi kava la lenzi, na ndiyo maana nasema lisiwepo. Mgeni ataeleza kwa Kiingereza na kuachwa aende zake. Kijana wetu, na kitu kirefu cha mabaka begani, usiku, karibu na mpaka, ataeleza kwa muda mrefu zaidi.

Mahali ambapo kujificha kuna maana ni pale mtu anapokuwa chini, karibu, bila gari: kando ya ukingo wa mto anapotaga mdiria, au penye tundu la keremkerem. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walilijua hilo zamani. Walitengeneza ng'ombe wa ngozi mwenye uwazi ndani, mpiga picha akaingia humo na kamera yake. Yule ng'ombe aliwahi kuanguka, Richard akiwa ndani, miguu juu. Ni kichekesho, ila wazo lenyewe ni sahihi, maana walificha mtu mzima, umbo na mwendo wake, badala ya bomba la kamera peke yake. Mwenye kava la mabaka anayejiona amefichika na kusogea hatua mbili zaidi kwenye kiota anamfanya mama aruke, na mayai juani hayangoji. Naliona hili kuwa kosa kubwa la biashara hii kuliko bei yake. Linampa mtu ujasiri asiostahili.

Kama msomaji bado anataka kava, na kwa vumbi letu ana haki ya kulitaka, aende kwa fundi cherehani na mita moja ya kaki na kipande cha flaneli cha kuweka ndani. Fundi apime lenzi ikiwa na hudi yake, aache wazi pete ya kufokasi na swichi. Lastiki mbili zitashika. Katika mitumba huonekana pia nguo za kuzamia zilizochoka, na mkono wa nguo hiyo unaitosha lenzi ya kati bila kushonwa. Livuliwe kila jioni, hasa kwa wakazi wa Pwani, kwa kuwa kitambaa chenye unyevu kikikaa juu ya lenzi huleta ukungu, na mchanga ulionasa chini yake hukwaruza kile kilichokusudiwa kulindwa. Na fundi asiweke velkro. Nimewahi kuwatazama kwale saba wametulia mita kumi kutoka garini, mlio wa kamera haukuwashtua, hata jirani yangu alipolibandua kava lake la majani mazuri ili abadilishe betri, likalia kwaruuu, nasi tukabaki tunatazama vumbi.