Mito ya Wajapani katika nyimbo za watoto

Ndugu msomaji, usishangae kukuta Japani katika kitabu chetu cha mila. Tunasema mingi juu ya nyimbo za watoto zinazopotea, na tunafikiri wimbo wa mila lazima utoke kwa mababu, bila mtunzi anayejulikana. Nyimbo mbili za Wajapani juu ya mito zimenifanya nifikiri tena.

Wa kwanza ni "Haru no Ogawa", yaani kijito wakati baridi imekwisha na maua yanaanza. Ulitoka 1912 katika kitabu cha nyimbo cha wizara, kwa mwaka wa nne wa shule ya msingi. Wa pili ni "Furusato", yaani kwetu nilikozaliwa, wa 1914, kwa mwaka wa sita. Inasemwa maneno ya zote mbili ni ya Takano Tatsuyuki na sauti ni ya Okano Teiichi, lakini wizara haikuandika majina yao. Kumbe nyimbo ambazo zinawatoa wazee wa kule machozi zilitoka ofisini! Hakuna bibi aliyezitunga kando ya moto.

Hata hivyo hazilingani. "Furusato" ni wimbo wa mtu mkubwa. Anakumbuka mlima alikofukuza sungura na mto alimovua samaki wadogo, anawaza wazazi, anaahidi kurudi siku atakapotimiza kusudi lake. Sauti yake inashika roho, sikatai. Lakini ulipewa mtoto ambaye bado analala kwao. Anafundishwa kutamani kitu kabla hajakiacha, tena anafundishwa kwamba kurudi ni kwa yule aliyefaulu. Hapo sikubali.

"Haru no Ogawa" haukumbuki kitu. Unaonyesha tu: maji yanapita, maua ya kando, uduvi na samaki wadogo kwenye jua. Huzuni ilikuja nyuma, na si mtunzi aliyeileta. Wengi wanaamini kijito kile ni Kohone, kule Shibuya katika Tokyo, karibu na alipokaa Takano. Mji ulipojitayarisha kwa Olimpiki ya 1964, kilifunikwa na betoni. Leo pale kuna jiwe la ukumbusho na barabara. Anayetaka kujua mle maji mlikuwa na nini, anauliza wimbo.

Nilieleza maana ya nyimbo hizi kwa wanafunzi wangu. Wako wa Bunia, wako waliokimbia kutoka Djugu, kule vita ilikoanza tena mwisho wa 2017. Niliwaza hao wa Djugu watapenda "Furusato". Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, na kama mutu hakutimiza kusudi, hatarudi?" Sikuwa na jibu, nikapanguza ubao.

Kisha nikawaambia watunge juu ya mto wao, bila kutumia neno "zamani". Wa Djugu waliandika jiwe la kufulia, pahali pa kuvukia maji yakijaa, kambare, na majani ambayo mbuzi hawali. Wa Bunia waliandika Nyamukau unaopita mjini: wafuaji nguo, bidoni za njano, mifuko ya plastiki. Hakuna aliyelia, na mimi niliona mito yote.

Sasa mwenzangu wa chama anataka tusahihishe lugha kabla ya kuchapa, maana watoto wameandika "muto", "batoto", "tunaendaka". Nilimkumbusha kwamba mwaka 1942 Wajapani walibadilisha maneno ya "Haru no Ogawa", lakini waliyatoa katika lugha ya vitabu wakayapeleka katika lugha ya mdomo, ili mtoto aelewe. (Walitupa pia ubeti mzima wa tatu, hilo siwasifu.) Akakubali "muto" ibaki. Juu ya mifuko ya plastiki bado tunabishana. Yeye anasema ni aibu katika kitabu cha mila. Mimi nasema ukiitoa, huo si Nyamukau tena.