Sufu Kabla ya Sindano

Kondoo wa kienyeji wa nchi yetu, tangu pwani hata huku Matogoro unakochimbuka mto Ruvuma, ni kondoo wa nywele na si wa sufu; kwa hiyo mtu wa Songea apendaye kushindilia sufu kwa sindano yenye vijino, hata iwe sanamu, hana budi kuitafuta mbali, hasa katika nyanda za juu za Kenya, pande za Molo, ambako kondoo wa sufu wamefugwa tangu zama za walowezi. Taabu hiyo naihesabu kuwa neema, kwa kuwa kitu kilichosafiri masafa marefu hakitiwi mkononi ovyo: huvutwa, hunuswa, hutazamwa kwenye mwanga wa dirisha, ndipo kipewe kazi.

Sufi ya mito na pamba, tuzijuazo tangu utotoni, haziwezi kazi hii, maana nyuzi zake ni laini na huteleza. Unywele wa sufu una mikunjo, na juu yake magamba madogo yasiyoonekana kwa jicho, hata vijino vya sindano vinapousukuma katikati ya wenzake hukamatana nao usitoke tena. Tabia hiyo ndiyo iliyolipa joho la waungwana wa pwani uzito na heshima yake, kwani kitambaa chake kilifumwa kwa sufu, kisha kikaloweshwa na kukandwa hata nyuzi zikafungamana.

Walakini sufu hazilingani. Ile ya Merino, ambayo unene wa unywele wake aghalabu haufiki maikroni 24, ni ororo ajabu, lakini hukawia kukaza, na kila tundu la sindano huonekana juu yake. Ya Corriedale, kondoo aliyezalishwa New Zealand kwa kuchanganya damu ya Merino na Lincoln, ni nene zaidi, nayo hutii upesi na kushika umbo. Basi fundi mwenye busara huiweka sufu ngumu ndani, iwe nyama na mifupa, na ile ororo akaitandaza juu kwa uchache; wala sioni haki kuidharau ile ya ndani kwa sababu tu haitaonwa na mtu.

Lakini raha kubwa ya sanaa hii imo katika kuchanganya rangi. Rangi za maji zikikutana hupotea na kuzaa nyingine. Nywele za sufu hulala ubavu kwa ubavu, kila moja na rangi yake, na jicho ndilo linaloziunganisha. Nikitaka mwili wa ndege kanga, nyeusi peke yake huwa kama mkaa uliozimika. Sharti niichane pamoja na kijivu, na buluu kidogo sana, kwa vichanio viwili vya meno ya waya, nikome kabla hazijalingana kabisa, ili michirizi ibaki na manyoya yapate uhai. Madoa meupe huja mwisho.

Ili kuijaribu rangi, kwanza nachukua kipande kidogo cha mchanganyiko, nakidunga kiwe kigumu, kwa sababu rangi ikishindiliwa hukolea kuliko ilivyokuwa katika fungu. Kisha nachanganya nyingi kuliko haja, na kinachobaki nakifunga katika karatasi pamoja na kishungi cha kila rangi iliyoingia, kwa ajili ya siku kanga huyo atakapochakaa akahitaji kiraka.