Sifa za Mkia

Mgeni akionyeshwa mtambo wa upepo uliochomelewa uani, huuliza unatoa wati ngapi. Mimi hutazama mkia kwanza. Kupata umeme kutoka kwa upepo si kazi kubwa: sumaku, koili za shaba, habu ya gari bovu, mbao tatu zilizochongwa vizuri kuwa mapanga, na taa inawaka. Ufundi wenyewe uko katika kuukataa upepo unapozidi.

Na huzidi ghafla. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, nguvu yake huwa mara 8. Mapanga yenye kipenyo cha mita 2.4, kwenye upepo wa mita 10 kwa sekunde, ncha zake hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na huo hata si upepo wa kung'oa mabati.

Watu wa kwetu Rongai (hii ya Nakuru, si ile ya Kajiado) hawana haja ya kufundishwa hatari hiyo. Wanajua barabara ya Eldoret inavyoteremka pale Salgaa, na wanajua huishia wapi lori lililowekwa fri, bila gia, ili kuokoa dizeli. Alteneta iliyounganishwa na betri ndiyo gia: kadiri inavyotoa umeme ndivyo inavyoyashika mapanga. Waya ukikatika, mtambo uko fri.

Sasa tazama mkia. Mapanga hayakuwekwa katikati ya mlingoti. Yamesogezwa kando kwa sentimita kama kumi hivi, makusudi, ili upepo ukiyasukuma yatake kugeukia pembeni. Mkia ndio unaoyazuia. Lakini bawaba ya mkia nayo imechomelewa ikiwa imelala, nyuzi 20 hivi, kwa hiyo mkia hauwezi kujikunja bila kujiinua. Uzito wake ndio kipimo. Upepo ukiushinda uzito huo, mkia hupanda na kujikunja, mapanga yakageuza uso kando. Upepo ukipoa, mkia huteremka wenyewe na kuyarudisha kazini. Hakuna springi wala kompyuta. Fundi anayejua kazi huuinua kwa mkono ungali karakanani, akasikia unavyorudi: ukisita njiani, bawaba imekaza au imejaa kutu. Kisha hukagua kizuizi, kipande cha chuma kisichozidi kidole, kinachoukomesha mkia kabla haujagusa mapanga.

Wazo la mtambo kujitawala ni la zamani. Daniel Halladay wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya kinu cha namna hiyo mwaka 1854. Pampu za upepo za Kijito, zilizoundwa Thika na Bobs Harries Engineering, nazo husimama mbali na watu, pasipo wa kukimbilia breki usiku.

Hata hivyo mkia una mpaka wake, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Mapanga yasiyo na mzigo, yakishapata kasi kubwa, huelekea kung'ang'ania upepo badala ya kuukwepa, na mkia unaweza kukataa kujikunja. Kwa hiyo fundi mwangalifu hutafutia umeme wa ziada pa kwenda betri zikijaa, na huweka swichi ya kuziunganisha nyaya tatu za alteneta zenyewe kwa zenyewe, ili mapanga yakwame. Swichi hiyo hufungwa kabla ya dhoruba. Ukingoja dhoruba ifike, unaweza kuunguza koili.

Michoro maarufu kuliko yote ya mitambo hii ni ya Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti, kijiji cha pwani. Rongai iko juu, karibu mita 1,900, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano. Mkia wenye uzito wa Scoraig, hapa kwetu utachelewa kujikunja, koili zikipata moto kwenye hewa isiyopoza vizuri. Ningeanza na mkia mwepesi kidogo: unausimamisha mtambo, unangoja upepo wa alasiri huku jicho likiwa kwenye mita ya ampea, unaulaza mlingoti, unapunguza au kuongeza chuma, unausimamisha tena.